"Saa Moja" ya Jakarta

Nisikilize, mwanangu unayeanza kazi ya kukata tiketi. Nitakueleza taratibu, ingawa kisa hiki kikinijia bado napandwa na hasira.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi ndogo ya safari huko Walthamstow, London. Meneja, mtu wa Mombasa, alinipa kalamu: wateja wasiosoma Kiingereza niwaandikie safari yao kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kubana na tiketi. Akanionyesha Kuala Lumpur hadi Jakarta.

"Inaruka saa kumi, inatua saa kumi na moja. Toa. Mwendo saa moja. Umeona kazi ilivyo nyepesi?"

Nikamwambia ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja. Ndege ya abiria haizimalizi kwa saa moja. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na Jakarta iko nyuma kwa saa moja. Mwendo wa kweli ni kama saa mbili. Ukienda, saa ya ukutani inakuficha moja, ukirudi, inakuongezea.

"Salma, hapa tunauza tiketi, hatusomeshi jiografia," akacheka.

Nilipohamishiwa tawi letu la Hayes, karatasi za Walthamstow akawa anaziandika mwenyewe.

Bi Zuwena wa Thornton Heath, mteja wetu wa siku nyingi, alikwenda Jakarta kumwona bintiye aliyejifungua. Ilimlazimu arudi kabla ya Ijumaa asubuhi: mumewe, Mzee Hamad, alikuwa na opresheni, na yeye ndiye mkalimani wake hospitali. Meneja alimuuzia tiketi mbili mbalimbali: Jakarta hadi Kuala Lumpur saa kumi jioni, kisha London saa mbili usiku. Kwenye karatasi akaandika, "Mwendo saa moja." Bibi akajua atafika saa kumi na moja, ana nafasi tele. Akatua saa moja usiku. Alipomaliza foleni ya pasipoti, kaunta ya kujiandikisha kwa ndege ya London ilikwisha fungwa.

London alifika Jumamosi. Mzee Hamad alipona, alhamdulillahi, lakini aliingizwa chumba cha upasuaji akiuliza, "Zuwena yuko wapi?" na hakuna aliyemwelewa.

Nilifuatana na Bi Zuwena hadi kwa meneja.

"Karatasi haina kosa," alisema. "Saa moja ni saa ya kufika. Si alitua saa moja? Kasoma vibaya mwenyewe."

Kweli, Kiswahili hutumia maneno yaleyale kwa saa ya ukutani na kwa urefu wa muda. Lakini mtu kujificha humo, na hali ameandika "mwendo"!

"Kama ulijua anatua saa moja," nikamuuliza, "mbona ulimuuzia ndege ya saa mbili?"

Akaanza kupanga karatasi mezani.

"Mjibu, baba," akasema Bi Zuwena. "Mimi nasubiri. Kusubiri mmeshanifundisha."

Hata radhi hakuomba. Nimestaafu, na hilo sijalisamehe. Wewe utaweza zaidi yangu, kwani kazi yenyewe si ngumu. Kando ya kila saa andika jina la mji wake. Chini yake andika "njiani", na urefu wa mwendo. Kisha msomee mteja kwa sauti, naye akurudishie kwa maneno yake kabla hujapokea malipo.