Mpokea Karatasi wa Fundi Rangi

"Yule Fundi Rangi kichwa kimeyumba," muuza mkaa aliniambia tukikinga maji bombani. "Kila jioni anawasha ile mashine yake ya picha. Inakoroma weee, halafu anaizima. Karatasi haitoki hata moja. Anazungumza na marehemu mkewe."

"Labda imeharibika," nilisema.

"Mashine gani inaharibika kila siku saa ileile, Mama Kibonge?"

Kibonge ni mwanangu. Mashavu yake ndiyo yaliyompa jina. Nilijitwika ndoo yangu. Chumba changu na cha Fundi Rangi vinatenganishwa na ukuta mmoja, nami nilijua huyo mtu hazungumzi na yeyote. Hilo ndilo lililonitia simanzi.

Kazi yake ni kupaka nyumba rangi. Picha zilianza kama mchezo. Alipaka ukuta mrefu wa shule, akataka mkewe auone wote, simu ikakata ncha zote mbili. Mtu akamfundisha kupiga picha ndefu: unageuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, simu inaunganisha yenyewe. Baadaye akanunua mashine ya mtumba ya kuchapisha, inayokula karatasi iliyoviringishwa kama jora la kitambaa. Siku za mapumziko akawa anaitwa kwenye harusi na mashule. "Tulieni kama ukuta," aliwaambia watu. Asiyetulia alitoka na miguu mitatu.

Ila kuchapisha haikuwa kazi ya mtu mmoja. Karatasi ikianza kutoka, lazima mtu aipokee kwa viganja na kurudi kinyumenyume kadiri inavyokuja, la sivyo inagusa sakafu wino ukiwa mbichi. Mpokeaji alikuwa mkewe, niliyemwita dada. Alianzia mezani, akatokea mlangoni, akaishia uani karibu na beseni langu la nguo.

"Nipisheni jamani," alikuwa akisema, "nimebeba harusi nzima."

Picha ya mwisho ilikuwa yetu sisi wapangaji, hapo uani. Dada alikuwa ameanza kuugua, lakini hakuacha mchezo wake. Alisimama mwanzo wa mstari, kushoto. Simu ilipompita, akainama, akapita nyuma ya mumewe ili atokee tena mwisho wa kulia. Watoto walimwita Pacha, kwa kuwa picha moja ilimtoa mara mbili. Siku ile hakuweza kukimbia. Nilikuwa katikati, Kibonge mgongoni, nikauona mkono wa Fundi Rangi ukipunguza mwendo, ukimngojea. Dada alipofika akaketi juu ya ndoo, kiganja kifuani. Hakuna aliyetania.

Tulimzika kabla picha haijachapishwa.

Jana Fundi Rangi alisimama mlangoni kwangu. Mikono aliisugua mpaka kucha hazikuwa na tone la rangi.

"Mama Kibonge, mashine nimeiuza. Kesho wanakuja kuibeba."

"Kwa nini, shemeji?"

"Kila jioni naiwasha wino usikauke, najiambia leo nitaitoa ile picha. Nikifika kwenye kitufe, mkono unakataa. Na kwenye simu mke wangu ni mdogo, kama punje ya mchele. Isipotoka leo, ndiyo basi."

Nilimsogezea kigoda. Hakukaa.

"Kushoto amesimama mzima, anacheka," alisema. "Ni yule wa kulia ninayemwogopa. Binti yangu ananiambia, baba, kata ule mwisho. Nikatae vipi, nikubali vipi? Alitembea kwa shida kufika pale."

Alitazama ndani, kitandani.

"Kibonge kalala?"

"Kalala."

"Basi nawa mikono, Mama Kibonge, uje unipokelee karatasi. Dada yako ndiye atakayetoka wa mwisho. Rudi nyuma polepole. Ukiona anachelewa, mngoje."