Sweta ya Tuncay na Bata Mwenye Miwani

Jirani yangu Bedriye hajui kukaa. Marehemu mumewe alikuwa akisema ameoa panzi. Tangu Tuncay, mwanawe wa pekee, aende kufanya kazi melini, imekuwa balaa. Siku ile ya kuondoka Bedriye alimwaga maji nyuma ya gari lililomchukua, desturi yetu ili kijana arudi salama, akaingia ndani, akashika sindano. Hajaiweka chini mpaka leo.

Anafuma wanyama. Kuku wenye viatu, mbuzi mwenye kilemba, chura aliyevaa tai. Masikio na midomo anaikata kwenye sufu ya kugandamizwa, ile ya makoti ya wachungaji wetu hapa Afyon. Mimi alinifumia bata wa kijani mwenye miwani.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Jitazame kwenye kioo, shoga."

Nilinuna siku nzima, kisha nikamweka bata juu ya televisheni.

Baridi ilipoingia, Tuncay akaacha kupiga simu. Meli iko wapi, hakuna ajuaye. Bedriye mara dirishani, mara jikoni, mara anaitikisa simu kana kwamba imelala. Ili mikono ipate kazi, akatoa sweta ya kijani aliyomfumia Tuncay, akaitia kwenye maji ya moto na sabuni, akaisugua huku masikio yako kwenye simu. Na huyu ni binti wa fundi wa sufu, anajua maji ya moto huisinyaza. Alipoitoa ilikuwa imesinyaa, ngumu, ya kumtosha mtoto mchanga. Nyuzi zimeshikana, haifumuki tena.

Nilimkuta ameipakata, mkasi mkononi.

"Nitaikata nitengeneze kobe," akasema. Hakukata. Akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Kata basi, unanitia kizunguzungu."

"Nikikata, nimekubali kwamba harudi."

Nikamnyang'anya mkasi nikaukalia.

Tukiwa hivyo, simu ikalia. Sauti ya Tuncay ilikuja ikikatikakatika: meli iliharibika, wamevutwa hadi bandarini, wiki ijayo yuko nyumbani.

"Mama, sweta yangu ya kijani ipo? Huku naganda."

"Ipo, mwanangu," Bedriye akasema bila kupepesa macho. "Njoo uivae."

Alipoweka simu alilia, akacheka, akanitukana kwa kuukalia mkasi wake. Kisha akamkazia macho chura. Alipoifuma ile sweta alinunua uzi wa kuvisha kijiji kizima, na uliobaki aliumalizia kwa chura, mamba, kasuku, kila kitu cha kijani mle ndani. Akatafuta ncha kwenye tumbo la chura, akavuta. Nikanyoosha mikono yangu miwili auzungushie uzi.

Wanyama wakaisha. Akapima kwa macho.

"Hautoshi. Mkono mmoja wa sweta utapungua."

Hakunitazama, lakini nilijua anachokiwaza.

"Lile bata lenyewe lina sura mbaya," nikasema, nikaenda kwangu kulileta.

Miwani nilibaki nayo.