Majani ya Mpakani

Msimu uliopita vitunguu vyangu vilikufa vikiwa vichanga. Majani yalipata mistari myeupe kama yamekwaruzwa, na nilipoyafunua katikati nikakuta vidudu vyembamba, thripi, vimejazana. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba vikifa tena atarudisha migomba kwenye kile kishamba alichonipa, nami nirudi kukaa sebuleni nikingoja simu ya kazi. Nilikuwa nimechoka kungoja simu hiyo.

Nilisoma kwamba majani mabichi ya alizeti pori, yakikatwakatwa na kufukiwa kabla ya kupandikiza miche, hurutubisha udongo na kupunguza thripi. Hapa Nyaramba alizeti pori ndiyo ua wetu, kati yetu na baba mdogo. Ijumaa asubuhi nilikata ya kutosha. Kisha nikajiuliza kama kweli yanatosha, nikakata tena. Halafu nikahofia kwamba mizizi itatambaa hadi kwenye vitunguu, nikang'oa na mashina. Kufikia saa nane mikono ilikuwa haiinuki, na ng'ombe wa baba mdogo alikuwa ananitazama bila kizuizi.

Nilikuwa nimefikiria urefu wa vipande, kina cha mtaro, mvua. Mpaka sikuufikiria. Na huku kwetu mashamba yamegawanywa hadi mengine hayazidi upana wa nyumba.

Baba mdogo alikuja akasimama pale ua ulipokuwa.

"Msomi, shamba lako sasa linaishia wapi? Jikoni kwangu?"

"Nilitaka majani tu, baba mdogo. Ni ya vitunguu."

"Kila anayekula mpaka huanza na kitu kidogo hivyo."

Mama alitoka jikoni. "Shemeji, kunywa chai kwanza."

"Chai nitakunywa ua ukirudi. Na huyu asifukie hata jani moja kabla ya hapo."

Majani yalikuwa yameanza kunyauka. Miche kitaluni ilikuwa inazidi umri. Jua likizama ingekuwa Sabato, na hakuna kati yetu ambaye angeshika jembe kabla ya Jumapili. Niliokota mashina niliyoyatupa, nikayakata fito, nikaanza kuzichomeka katika mashimo yaleyale. Baba mdogo alinifuata nyuma.

"Sogeza. Hapo umeniibia."

Nikasogeza.

"Sasa umejiibia wewe. Rudisha."

Tulipomaliza, jua lilikuwa limegusa mlima. Nilikaa chini, nikiwa na hakika kwamba msimu umepotea. Baba mdogo aliangalia lile lundo, akaangalia jua.

"Leta jembe la pili," alisema. "Kufikia Jumapili haya yatakuwa kuni."

Tulifukia yote, kisha akanywa chai yake ikiwa imepoa.

Vitunguu sasa vimefika magotini. Kila asubuhi ninayafunua majani katikati. Thripi wapo, ila wachache, na sijui kama ni majani yale au ni mvua. Baba mdogo naye huja kukagua fito zinavyochipua. Tunasalimiana tukiwa tumeinama, kila mmoja upande wake.