Mtani Wangu na Blanketi la Kidahwe

Nilipaswa kukataa. Msichana mmoja anayesimamia kundi la watu wa Kigoma mtandaoni, ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho, aliniandikia asubuhi moja nikiwa nafungua duka. "Shikamoo babu. Watu wanaomba kile kisa cha mtani wako na blanketi. Ulisema ipo siku utakisimulia." Nikamjibu kwamba nitakiandika siku hiyo hiyo. Kama ningemwambia kuwa kisa kile si cha kuandikwa, angenielewa, maana alikuwa na adabu, na watu wangeomba kingine. Nilikuwa na visa vingi. Lakini kile nilikipenda kuliko vyote, na nilipenda kusomwa.

Sikuanza maisha kama mwandishi. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikunifikisha mbali. Somo nililoliweza kweli lilikuwa insha, na hakuna aliyekuwa akiajiri mtu wa insha. Mjomba wangu alikuwa fundi wa karabai pale Ujiji, akanipa kigoda na koleo, nikakaa.

Wavuvi wa dagaa wa kwetu huvua gizani. Huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata. Miaka ile taa zilikuwa karabai, za mafuta ya taa na za kupampu, na zilikuwa na maradhi mengi. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi ziwani kwa sababu dagaa hutawanyika, hivyo siku za mbalamwezi ndizo zilikuwa siku zangu. Mitumbwi ililala mchangani na karabai zikapangwa mlangoni kwangu, hii ngozi ya pampu imekauka, ile tundu la mafuta limeziba. Wenye taa nao walikaa hapo hapo, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Duka langu likawa baraza. Mjomba alipofariki nililiendesha peke yangu, nikaongeza vioo, tambi na mafuta, na nyumba yangu ya Buzebazeba niliijenga kwa taa za watu.

Mtani wangu alikuwa mmoja wa hao wavuvi. Alikuwa mtu wa Kasingirima, mtaa wa hapo hapo Ujiji. Babu yake alivuka kutoka Kongo, ng'ambo kama tunavyosema, baba yake akazaliwa Ujiji, na yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya msikiti, akacheza hapo, akaoa hapo. Mimi ni Muha, wazazi wangu waliteremka kutoka milimani upande wa Kasulu. Baba yangu na baba yake walibeba mizigo pamoja bandarini, na huko ndiko walikoanza kutaniana. Sisi tulirithi utani huo kama wengine wanavyorithi shamba.

"Mwakeye, Muha!" alikuwa akinisalimu kwa Kiha chake kibovu. "Leo umenawa uso, au maji bado unayaogopa?"

"Ingia, mla vichwa vya migebuka. Umeleta taa au umekuja kuiba koleo?"

"Koleo lako nilikwisha kuliiba mwaka jana. Hilo unaloshika ni la marehemu mjomba wako, mwizi mwenzangu."

Mke wangu alikuwa akisema, "Siku nitakayosikia nyie wawili mnasalimiana vizuri, nitajua kuna mgonjwa."

Mama yangu alipofariki, mtani alifika kabla ya ndugu zangu. Aliingia chumbani mwa marehemu, akavaa kitenge chake na ndala zake, akatoka nje akitembea kwa ule mgongo wake ulioinama, akiwafokea waombolezaji kuwa wamemaliza chai. Msiba mzima ulicheka. Nami nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichonifungulia machozi, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa nimekakamaa kama ubao. Jioni alikaa pembeni yangu akaniambia, "Mimi nikitangulia, na wewe njoo univae. Ila usinipanulie kanzu kwa hilo tumbo." Nikamwahidi.

Sasa kisa chenyewe.

Ilikuwa miaka ile vita vya ng'ambo vilipowasukuma watu ziwani. Walikuja kwa mitumbwi, kwa maboti, na wengine kwa vitu ambavyo si vya kusafiria. Wavuvi wetu waliacha dagaa wakawa wanakwenda kuwapokea majini. Asubuhi moja mtani aliuvuta kwa boti lake mtumbwi uliokuwa ukiingiza maji, akaufikisha ufukweni ukiwa umejaa watu. Shati lake alikuwa amemvalisha mtoto mmoja. Alikuwa kifua wazi, peku, amelowa, na anawatuliza watu wale kwa Kiswahili cha babu yake, chenye lafudhi ya ng'ambo. Waliokuwa wakiwapanga wakimbizi foleni wakampanga na yeye.

"Jamani, mimi ni wa Kasingirima!"

"Leo kila mtu ni wa Kasingirima," mmoja wa waliokuwa wakiwapanga alimjibu. "Panda gari, baba."

Akapandishwa lori. Vijana wake wa boti walinijia mbio dukani, nikafunga, nikachukua baiskeli. Malori yalikuwa yamesimama Kidahwe ili watu wapumzike kabla ya kuendelea kambini. Nilimkuta chini ya turubai, amejifunika blanketi la kijivu alilopewa, ameshika sahani ya maharage. Ni yeye huyo aliyenicheka maisha yangu yote kwamba sisi Waha ni walaji wa maharage.

Alinyanyua kichwa akaniona, uso ukamfunguka. Akamwita afisa aliyekuwa akiandikisha watu. "Huyo hapo! Muulize huyo!"

Afisa akanigeukia. "Bwana, unamjua huyu?"

Nilimtazama. Nikatazama sahani. Nikasema, "Simjui kabisa. Huyu wa ng'ambo. Ila naona amependa maharage, mpelekeni mbele, yako mengi."

Nilidhani afisa atacheka. Hakucheka, alikuwa mtu aliyechoka, akaandika kitu akaenda zake. Nilimkimbilia kumweleza kwamba ni utani, akaniambia sasa hajui lipi la kweli, niende nikalete kiongozi wa mtaa. Nilipompata mwenyekiti ilikuwa jioni, na tulifika asubuhi ya pili. Mtani alilala pale. Tuliporudi alikuwa na blanketi lake begani, akanitukana njia nzima mpaka Ujiji, na mwenyekiti alicheka mpaka akaomba tupumzike.

Kisa kile tulikisimulia miaka mingi. Harusini yeye alikuwa akikisimulia vizuri kuliko mimi, hata sauti ya afisa aliiga. Blanketi lilikaa kitandani kwake, kila mtu Kasingirima alilijua.

Lakini kuna kipande alichonisimulia mara moja tu, tukiwa wawili, natengeneza taa yake. Usiku ule pale Kidahwe bibi kizee mmoja, aliyepoteza watu wake majini, alimshika mkono akamwita kwa jina la mwanawe. Mtani hakumkatalia. Alimwitikia, "Naam, mama," mpaka kulipokucha, na blanketi lile walijifunika pamoja. Alipomaliza kunisimulia alichukua taa yake akaondoka bila kunitukana.

Karabai zilikufa taratibu. Zilikuja taa za betri na za sola, na siku za mbalamwezi mlango wangu ukabaki mtupu. Niligeuza duka likawa la kuchaji simu, kisha la kuuza makava na waya za chaji. Binti yangu mkubwa alinipa simu yake ya zamani, akanionyesha pa kuandikia. Nilianza kwa kuandika kuhusu ngozi ya pampu, jinsi ulivyokuwa ukiilainisha kwa mafuta ya mawese. Watu wakajibu. Mtu aliyekuwa nchi ya baridi, mzaliwa wa Ujiji, aliandika kwamba amesoma maneno yangu akasikia harufu ya mafuta ya taa ya baba yake. Nilikaa na simu ile mkononi, wateja wakinisubiri. Tangu shule hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Basi ikawa kila asubuhi naandika kabla ya kufungua duka, na nikiwa na mteja mbishi nafikiria nitakavyomwandika.

Mtani hakuwa na simu ya aina hiyo. Nilikuwa nikimsomea. Siku niliyopata ujumbe wa yule msichana alipita dukani, nikamwambia, "Leo nakupeleka duniani, mkimbizi wangu. Naandika Kidahwe."

Alisimama mlangoni. "Hiyo iache, mtani."

"Unaogopa nini, watu watajua unapenda maharage?"

"Harusini wanaonisikiliza wananijua," alisema. "Huko kwenye simu nani ananijua? Iache."

Nilimwambia aende akavue. Alitabasamu kidogo akaondoka. Nilijihesabu kuwa namjua mtu yule kuliko mkewe anavyomjua, na sikuweza kutofautisha siku aliyokuwa akitania na siku aliyokuwa akiniomba.

Niliandika. Sikutaja jina, lakini nilitaja Kasingirima, boti, msikiti na blanketi, nani asingemjua? Nilimwita mkimbizi wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita kila siku. Sikuandika kwamba alizaliwa Ujiji. Halikunijia akilini, kwangu ilikuwa kama kuandika kwamba ziwa lina maji. Yule bibi kizee nilimwacha kwa sababu hachekeshi. Nilimalizia hivi: "Mpaka leo ana blanketi la serikali, na mimi ndiye niliyemtoa kambini." Watu walicheka kuliko siku zote. Walikisambaza hadi kwenye makundi nisiyoyajua.

Baadaye binti yake wa mwisho alimaliza uuguzi. Alipata nafasi ya kazi, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Watu wa Kigoma tunajua tunavyoulizwa: baba alizaliwa wapi, babu alizikwa wapi. Aliyemhoji alikuwa na kisa changu kwenye simu yake. Akamuuliza, "Baba yako ndiye huyu?" Msichana, kwa kuwa ni mkweli na amekulia chini ya blanketi lile, akasema ndiye, na ombi lake likasimamishwa.

Nilikwenda mwenyewe kueleza. Yule afisa aliyemhoji alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Haya maandishi ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu, lakini ni utani. Yule ni mtani wangu."

"Hapa unasema uliulizwa na afisa, ukasema humjui, ni wa ng'ambo."

"Ndiyo, nilikuwa natania."

"Na hapa unasema ulimtoa kambini. Napo ulikuwa unatania?"

"Pote."

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Sasa mzee wangu, nikuamini leo, au nikuamini siku ile?"

Nilirudi nyumbani nikakifuta kisa, lakini walikuwa wamekwisha kukinakili. Walitafutwa wazee wa Kasingirima, likatafutwa na kaburi la babu. Kitambulisho kilitoka mwishowe. Nafasi ya kazi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Binti yule sasa anafanya kazi katika zahanati ya mtu binafsi, na tukikutana hunisalimu.

Nilikwenda kwa mtani kuomba msamaha. Nilimkuta barazani akishona wavu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya mwaka mzima, hata majibu nilikuwa nayo.

"Habari za asubuhi, mzee," alisema. "Karibu kiti."

Hakuwa amewahi kuniita mzee. Nikakaa. Nikasema nimekosa. Akasema, "Hakuna neno, mzee, yamepita." Mkewe akaleta chai. Tulizungumza habari za mvua. Nilijaribu kumwambia kuwa wavu wake umeshonwa kama kapu la Muha, akasema, "Kweli, macho yamepungua nguvu," na akaendelea kushona.

Nilirudi mara nyingi. Kila mara nilipewa kiti na chai, na kila mara niliitwa mzee. Mke wangu alipotuona siku moja tunasalimiana njiani aligeuka akaingia ndani.

Mtandaoni niliendelea kwa muda. Nilijaribu kuandika kisa kile upya, na bibi kizee ndani yake, na mahali mtani alipozaliwa katika mstari wa kwanza. Nilikiandika vizuri. Sikukirusha. Nilimpelekea mtani nikamsomea kwenye simu, kama zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya wavu. Kisha akasema, "Hivyo ndivyo ilivyokuwa," akaniuliza kama nitaongezewa chai.

Alifariki msimu wa dagaa, baada ya kuugua muda mfupi. Nilifika asubuhi ile ile. Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu mlangoni ili niingie chumbani nikaombe kanzu yake. Binti yake, yule muuguzi, alitoka akasimama mbele yangu. Alikuwa amelia sana.

"Mzee, baba ametuachia maneno," alisema. "Amesema kusiwe na utani kwenye msiba wake. Tusamehe."

Nilimwambia sawa, mwanangu. Nikavaa viatu. Nilikaa jamvini na majirani, nikafuata jeneza hadi makaburini, nikatupa udongo wangu kama mtu yeyote.

Kwa hiyo hiki ndicho nilicholipa kwa ajili ya asubuhi moja ya kusomwa. Binti wa rafiki yangu alikosa kazi aliyoisomea. Mimi nilimkosa mtani wangu miaka yote aliyobaki nayo, tukiwa tunaishi mji mmoja na tunaamkiana kila siku. Na alizikwa bila mtu wa kuvaa kanzu yake, nami nilikuwa pale.