Ndama Aliyekunywa Maji ya Bahari

Niliporudi nyumbani Susuni baada ya ndoa yangu kuvunjika, nilikuja na samaki watano kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Dar es Salaam nilifanya kazi miaka mingi kwa mtu aliyesafirisha samaki wa mapambo, na hao ndio nilioondoka nao. Ni samaki wa matumbawe, jamaa wa pono, wembamba kama kidole, na dume akijitanua mapezi yake yanawaka zambarau. Ni adimu na wanakufa haraka. Maji yakipata joto, wanakufa. Wakishtuka, wanaruka nje ya tangi na kukaukia sakafuni.

"Hawaliwi, hawakamuliwi," kaka yangu mkubwa alisema. "Sasa ni wa nini?"

"Wa kuangalia."

Alicheka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Tangi la kioo nililiweka kwenye nyumba ya chumba kimoja niliyojengewa na baba kabla hajafariki. Pampu ilitumia sola. Maji ya mvua niliyachanganya na chumvi ya bahari niliyokuwa naagiza Dar.

Watu wanadhani samaki wadogo ni wapole. Madume walikuwa wawili. Siku ya tatu mkubwa alimbana mwenzake nyuma ya jiwe, akamchana mkia, kisha akamtoboa jicho. Nilitumbukiza mkono kuwatenganisha, nikakuta mdogo anaelea ubavu huku bado anadonolewa. Alifia kiganjani mwangu. Nilimtukana yule muuaji kwa Kikurya, kwa sauti, kana kwamba ni mtu mzima mwenye masikio.

Kila Jumamosi, mama, ambaye ni Msabato, akiwa kanisani, nilipunguza maji ya tangi na kuyamwaga shimoni mbali na mifugo, maana chumvi nyingi huua ng'ombe. Jumamosi moja simu iliita nikiwa katikati ya kazi hiyo. Nikaacha ndoo mbili wazi mlangoni, nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Niliongea sana. Niliporudi, ndoo zilikuwa tupu.

Kabla sijawaza lolote nikasikia kaka anapiga kelele. Ndama wake jike, aliyemtegemea kuliko wote, alikuwa chini. Anasaga meno, povu linatoka, miguu inapiga hewa, kichwa kinajigonga ardhini mpaka ngozi ya paji ikachubuka. Kaka alimkalia shingo amtulize. Hakutulia. Mwishowe akachomoa kisu, akammaliza mwenyewe, damu ikamrukia kifuani.

"Amekula nini?" aliniuliza.

"Sijui."

Nilijua. Nilimwangalia usoni nikadanganya. Yeye akatazama mlangoni kwangu, akaenda, akapangusa kwa kidole matone yaliyobaki ndani ya ndoo, akalamba. Alichukua rungu lake ukutani kwake, akaingia ndani kwangu.

Pigo la kwanza kioo kilipasuka. La pili, bahari yangu yote ikatoka kwa mkupuo, ikanizoa miguu nikaanguka. Samaki walikuwa wanarukaruka kwenye saruji. Alimkanyaga dume kwa kisigino, akasaga kama anazima sigara. Hapo nikaokota kipande cha kioo, nikamkata mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Haikuwa bahati mbaya. Nilitaka kumkata, na nilipoona nyama imefunguka nilifurahi. Akanipiga rungu la mbavu. Nikamng'ata bega, nikakaza meno.

"Niueni mimi kwanza!" Mama alikuwa ametoka kanisani, Biblia bado kwapani. Alijitupa kati yetu, akatuzaba kofi kila mmoja. Kisha akaona damu. Akavua kanga yake, akaufunga ule mkono, akaita pikipiki kwa kelele.

Walipoondoka kwenda zahanati nilitambaa chini ya kitanda. Majike wawili kati ya watatu walikuwa hai kwenye dimbwi la kina cha vidole viwili. Niliwatia kwenye ndoo pamoja na maji ya chumvi niliyokuwa nimeyaweka akiba kwenye pipa, nikalala palepale sakafuni kwa sababu mbavu zilikataa kuinuka.

Mama aliniambia baadaye kwamba nesi alipouliza, kaka alijibu ameangukia kioo cha dirisha.

Wiki nyingi hatukuongea. Nikisema shikamoo, anapita. Wale wawili niliwahamishia kwenye beseni kubwa, nikafunika na chandarua. Samaki hawa wakikosa dume, jike mkubwa hugeuka kuwa dume. Nilimwona mapezi yake yanawiva zambarau siku baada ya siku, na ukali ukaja pamoja na rangi. Mwenzake akawa hana pa kujificha.

Asubuhi moja kaka alisimama mlangoni, kovu limenona mkononi. Alitazama beseni kwa muda.

"Mtenge huyo," alisema. "Atamuua mwenzake."

"Sina chombo kingine."

Akaenda, akarudi na karai lake la kunyweshea ndama. Lilikuwa limesuguliwa safi. Nilimtega mdogo kwa kikombe, nikamhamisha. Pezi lake moja lilikuwa limeshachanika.

"Kaka," nilisema, "zile ndoo niliziacha wazi mimi."

"Niliyalamba yale maji," alisema. "Ulidhani sijui? Hata nilipokuuliza nilishaziona ndoo, nilitaka nione kama utasema."

Alikaa kwenye kigoda changu, mkono mbaya juu ya goti, akaniuliza samaki hawa wanakula nini.

"Uduvi uliosagwa."

"Wape basi," alisema. "Wanaonekana wana njaa."