Asubuhi Pikipiki Ilipogoma

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ile ya Katumba inayopasua midomo, na baba yetu amelala kwenye mkeka barazani, magoti ameyakunja mpaka kifuani. Ilikuwa miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Ngiri aliyoishi nayo muda mrefu ilikuwa imembana tangu jana yake. Tumbo gumu, na kila alichokunywa kilirudi. Mganga wa zahanati alishatuambia, "Huyu ni wa kupasuliwa. Kukicha tu mpelekeni Mpanda."

Mimi naitwa Butoyi, na kwetu sisi wenye asili ya Burundi jina hilo linatosha kukwambia kuwa nina pacha. Yeye ni Bukuru, aliyetoka kwanza. Alinitangulia kwa muda wa sufuria ya maji kuchemka, lakini muda huo ulimtosha kuwa mkubwa maisha yake yote. Akisema yeye, mimi nanyamaza. Ndivyo tulivyolelewa.

Msimu ule tumbaku ilitukubali, na Bukuru akanunua pikipiki kuukuu kwa fundi mmoja wa Kashaulili, kule Mpanda mjini. Ilikuwa ya kwanza kitongojini kwetu. Watoto waliikimbilia, na wazee walimwinulia kofia hata waliokuwa hawamsalimii zamani. Siku ya kuichukua nilikuwepo. Fundi alimwonyesha kijiti kidogo pembeni mwa kabureta, akamwambia, "Hii ndiyo choki. Asubuhi ya baridi, ivute, upige kiki mara chache. Ikiwaka, irudishe. Isipowaka, usiendelee kuipiga. Utakuwa unaimwagia mafuta tu, na injini iliyolewa mafuta haiwaki. Irudishe choki, funga koki ya tangi, uiache ipumue." Bukuru alikuwa anaitikia huku anajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Akaondoka na nusu ya maneno. Ndiyo maana wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.

Basi asubuhi ile akavuta choki, akapiga kiki. Ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena, akapiga tena, huku anazungusha mshikio wa mafuta. Majirani walishaanza kujaa uani, maana habari ya mgonjwa haihitaji mjumbe. Harufu ya petroli ikatanda. Nikaona matone yanadondoka chini ya kabureta, mchanga umelowa.

Nikamwambia, "Kaka, baiskeli ipo. Tumfunge baba nyuma yangu kwa kitenge, tuanze safari. Hiyo ikiwaka utatukuta njiani."

Aligeuka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. "Baba yangu abebwe kama gunia la mihogo, na pikipiki yangu ipo hapa? Watu watasemaje?"

Mama akasema kutoka barazani, "Bukuru, msikilize mwenzio." Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu, lakini nenda kamwambie hivyo mtu mwenye msala mpya, uone.

Akafungua plagi. Ilikuwa imelowa kabisa. Alishawaona mafundi wanaichoma plagi kwa moto ili ikauke, naye akaichovya petroli, akachuchumaa palepale pembeni ya injini, suruali yake imelowa mapajani bila yeye kujua. Nilipomwona anatoa kiberiti nilisema, "Sogea kwanza kaka!" Sijui kama alinisikia. Mlio niliousikia ulikuwa kama shuka linalokung'utwa. Kisha nikamwona Bukuru anakimbia, na moto unakimbia naye.

Tulimwangusha chini, tukammwagia mchanga, mama akamfunika kwa blanketi alilokuwa amemfunika baba. Tulipolifunua, mikono na mapaja... sitakueleza. Nyuma yetu pikipiki iliwaka yenyewe sasa, pale pale ilipokuwa imesimama.

Mganga alikuja mbio. Akamtazama baba, akamtazama Bukuru, akasema, "Wote wawili ni wa Mpanda. Na ni sasa hivi." Wanaume wenye baiskeli walishaondoka alfajiri na mizigo yao kwenda mjini. Baiskeli iliyobaki ilikuwa yangu, moja.

Mwanangu, hapo nilisimama kama mti. Baba ndiye aliyenitoa. Aliinua kichwa kwenye mkeka, akaniita kwa sauti ndogo. "Butoyi. Mpeleke mwenzio."

"Baba, wewe umeugua tangu jana."

"Mimi nimeshaishi. Mpeleke. Mimi watanibeba hawa."

Nikampeleka. Mama alimfunga Bukuru mgongoni kwangu kwa kitenge, nami nikakanyaga pedali njia nzima nikisikia meno yake yanagongana sikioni mwangu. Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Majirani walimbeba baba kwenye kitanda cha kamba, wakipokezana mabega.

Alasiri nilikuwa nimekaa nje ya wodi pale Mpanda nilipomwona jirani yetu mmoja anaingia getini peke yake. Kofia alikuwa ameivua, ameishika kwa mikono yote miwili. Nilijua kitanda kimegeuziwa njiani, kimerudi nyumbani.

Bukuru alipona, kama kupona ndiko kule. Alirudi baada ya muda mrefu, vidole vimeshikana kama mguu wa bata. Jembe hakuliweza tena. Nami sikumsemesha. Nilimpita uani kama ninavyopita jiwe. Nikala kivyangu, nikalima kivyangu, nikajiona mwenye haki.

Mama alinivumilia mpaka masika. Siku moja ananipepetea mpunga, akasema bila kuinua macho, "Yule uliyembeba mgongoni, nani alikutuma?"

"Baba."

"Kwa hiyo baba yenu alichagua Bukuru aishi. Wewe sasa unamuua polepole, kila asubuhi. Unabishana na marehemu, mwanangu. Humwonei aibu?"

Niliacha jembe mlangoni, nikaenda nyumbani kwake. Nikakaa karibu naye. Kisha Bukuru akasema, "Nilijua imelewa mafuta. Harufu niliisikia hata kabla yako. Ila watu walikuwa wananitazama."

Hakuna kingine alichowahi kusema juu ya asubuhi ile, na mimi sijawahi kumdai kingine. Nilimlimia shamba lake pamoja na langu kwa miaka yote iliyofuata. Kucheka kwa sauti sijamsikia tena.

Sasa sikia, mwanangu. Si kila kinachokataa kimepungukiwa nguvu. Vingine vimekataa kwa sababu umevizidishia: mafuta, maneno, fimbo, hata mapenzi. Ukiona unaongeza na hali inazidi kuharibika, toa mkono, vuta pumzi. Anayejua akikufundisha, msikilize mpaka anyamaze. Na mtu wako akiwa anakufa, usiulize watu watasemaje. Hao watu jioni watarudi kwao kula, nawe utabaki na kaburi. Na ndugu akikosea kosa lisilorudi, mwache alilie, usimzike kabla ya siku zake. Kuna msamaha ambao marehemu alishautoa. Wewe ni wa kuufikisha tu.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie shingo mapema, kabla dunia haijaivunja. Akupe mdomo wa kuuliza, na moyo usioogopa kuchekwa. Uzae, ulee, uzeeke, na watoto wako wakuzike wewe, wakiwa wameshikana mikono. Amina.