Mwenye Dume wa Saio

Kila asubuhi, kabla hajavaa abakosi yake, ile suti ya wakubwa, mwenye dume humsugua dume wake, Directeur, pembe mpaka zing'ae. Ng'ombe wa Saio nzima huletwa kwa dume huyo. Shukrani yake ni pombe, na mwenyewe huinywa akijipiga kifua, kana kwamba kazi ameifanya yeye. Mimba zikiharibika zingali changa, lawama ni ya ng'ombe: huyu ana tumbo bovu, yule ana roho mbaya, na wote huishia kwa mchinjaji.

Siku daktari wa mifugo alipompima Directeur, alisema kidudu cha kuharibu mimba kinakaa ndani ya dume huyo, naye humwambukiza kila ng'ombe anayempanda, ingawa haonyeshi ugonjwa. Mwenye dume akacheka, akimpapasa shingo.

"Dume haina kosa, docteur! Iko na nguvu. Mwanamuke njo hakamate mimba."

Wake zake wawili wa kwanza aliwarudisha kwao kwa neno hilohilo, kwamba hawashiki mimba. Siku hizi humuuliza Alphonsine, wa tatu, kama hajamkumbuka mama yake kule Kasenyi.

Alphonsine, aliyekuwa akikamua kando yao, akaweka chini kopo la maziwa.

"Docteur, ukimaliza na ile dume, pima na hii ingine."